Helikopta ya kwanza ya umeme: kutafuta hitilafu za waya na betri kwa kufuata dalili

Mwongozo huu unamhusu mtu aliyepata helikopta yake ya kwanza ya rimoti ya ukubwa wa 450. Hii ina mapanga ya milimita 325 hivi, betri ya lipo, yaani lithiamu polima, ya seli tatu (imeandikwa 3S) yenye mAh 2200, mota isiyo na brashi, na kidhibiti mwendo, yaani kile kiboksi chenye herufi ESC, cha ampea 35 au 40. Kama yako ni ndogo au kubwa zaidi, utaratibu ni huohuo ila tarakimu zinabadilika.

Malalamiko ya wanaoanza yanafanana sana. Mtu amebadilisha servo (vile vimota vidogo vinavyogeuza mapanga kwa amri ya rimoti), akabadilisha ESC, akaagiza risiva mpya (kile kiboksi kinachopokea mawimbi ya rimoti), na tatizo liko palepale. Ukifuatilia unakuta kiungo cha lehemu hakikushika, plagi imelegea, au betri inasoma volti nzuri ikiwa imetulia na kuporomoka mara inapopewa kazi. Kwa hiyo nashikilia jambo moja: usinunue kipuri kabla hujapima volti wakati umeme unapita. Kwa kazi hiyo unahitaji multimita ya kawaida, kipima seli kinachochomekwa kwenye ile plagi ndogo nyeupe ya betri, na taa ya mbele ya gari ya wati 55 kutoka duka la spea, iliyofungwa nyaya mbili na plagi inayolingana na ya betri yako. Taa hiyo huvuta ampea 4 na nusu hivi, na itakufichulia mengi. Iweke juu ya kigae au saruji, maana inapata moto haraka.

Kabla ya kupima chochote

Rota ya 450, yaani mapanga makubwa ya juu, huzunguka kati ya mara 2,500 na 3,000 kwa dakika. Septemba 2013 kijana wa miaka 19 alikufa Brooklyn, New York, baada ya kupigwa na mapanga ya helikopta yake ya rimoti. Ile ilikuwa kubwa kuliko 450, lakini hata 450 inaweza kukata kidole au kupofusha jicho. Fungua mapanga makubwa na ya mkia, kisha legeza skrubu za mota uisogeze mpaka gia yake ndogo isiguse gia kubwa. Wengine huchomoa nyaya tatu za mota. Hilo nalo ni salama, ila milio ya ESC hutolewa na mota yenyewe, kwa hiyo ukiichomoa hutasikia kitu na utadhani ESC imekufa.

Washa rimoti kwanza, helikopta baadaye. Wakati wa kuzima, anza na helikopta.

Dalili: umechomeka betri, kimya

Tazama taa ya risiva. Ikiwaka na servo zikajisogeza, basi ESC inapeleka umeme wa volti 5 au 6 kwenye risiva, na kinachokosekana ni mota. Nyaya zake tatu zimechomoka au hazigusani. Zibonyeze zote mpaka mwisho, usikilize tena.

Isipowaka, fuata njia ya umeme kuanzia betri. Pima volti za betri: 3S iliyojaa ni 12.6, na ikisoma chini ya 9.9 usiendelee nayo. Kisha angalia plagi ya betri, hasa mahali waya ulipolehemiwa. Vuta waya kidogo. Ukicheza ndani ya mpira wake, umepata jibu. Mwisho ni ile plagi ya nyaya tatu inayotoka ESC kwenda risiva. Wengi huigeuza. Waya wa kahawia au mweusi ni hasi, mwekundu wa katikati ni chanya, na wa chungwa, njano au mweupe hubeba amri. Hasi ikae upande uliochorwa alama ya kutoa kwenye risiva.

Ukisikia harufu ya kuungua, au ukiona moshi hata kidogo, chomoa betri uishie hapo. ESC iliyoungua haifunguliwi ili ijaribiwe tena hewani. Na kama uligeuza chanya na hasi ya betri hata kwa sekunde moja, ihesabu ESC hiyo imekwisha.

Dalili: inalia bila kukoma na mota haianzi

Hii mara nyingi si hitilafu. ESC inakataa kuanza kwa sababu stiki ya nguvu haiko chini kabisa, au swichi ya mwendo wa juu imeachwa imewashwa. Ishushe, zima, washa upya. Ikiendelea, huenda ESC haijafundishwa mwanzo na mwisho wa stiki yako. Kijitabu chake kinaeleza hatua, na ni kazi ya dakika mbili. Wenye rimoti za Futaba waangalie jambo moja zaidi: kwenye nyingi ya hizo, chaneli ya nguvu inabidi kugeuzwa, la sivyo ESC inaona stiki iko juu wakati wewe umeishusha.

Milio inatofautiana kwa kila mtengenezaji. Usikisie, soma jedwali la milio kwenye kijitabu, kwa kuwa mlio wa volti isiyo sahihi na mlio wa kukosa mawimbi ya rimoti vinakaribiana.

Dalili: mota inatetemeka mbele na nyuma badala ya kuzunguka

Waya mmoja kati ya nyaya tatu za mota haushiki. Karibu kila mara ni hivyo. Usiendelee kusukuma stiki ukitumaini itachanganya, kwa kuwa hali hiyo ndiyo inayounguza ESC.

Chomoa vile viplagi vya duara na uvitazame kwa mwanga mzuri. Kilichopauka au kupwaya kibadilishwe. Wakazi wa pwani, kuanzia Lamu hadi Mtwara, mtakuta utando wa kijani mapema kuliko walio bara, maana hewa ya chumvi haisamehe shaba. Kisha angalia lehemu. Iliyoshika vizuri inang'aa na imelala juu ya waya. Iliyoganda kabla ya kushika ina rangi ya kijivu kikavu na imekaa kama tone lililobandikwa.

Kulehemu upya si kazi ngumu, ila kunataka joto la kutosha. Pasi ya kulehemu ya wati 25 inayotumika kwenye redio ni ndogo mno kwa nyaya nene hizi. Tafuta ya wati 60 au zaidi yenye ncha pana. Paka lehemu waya peke yake, paka plagi peke yake, halafu viunganishe kwa mguso mmoja bila kutikisa mpaka viganda. Plagi ya betri ya aina ya XT60 ichomeke kwenye mwenzake kabla ya kuilehemu, ili pini zisihame plastiki ikilainika. Na ukifanya kazi upande wa betri, shughulikia waya mmoja, uufunike kwa mpira wa kusinyaa, ndipo uguse wa pili. Nyaya mbili za lipo zikigusana zinatoa ampea mamia kwa kufumba na kufumbua, na mkononi mwako hakuna fyuzi.

Kama viungo ni vizima na bado inatetemeka, chomoa mota na upime kwa multimita iliyowekwa kwenye mlio: kila jozi ya nyaya zake tatu inapaswa kulia. Jozi isiyolia inaonyesha koili imekatika. Pima pia kati ya waya na bodi ya mota, ambako hapapaswi kulia. Mota ikipita vipimo vyote hivyo, ndipo ishuku ESC.

Ikizunguka vizuri lakini kinyume, badilishana nyaya zozote mbili kati ya tatu. Kamwe usigeuze nyaya za betri kwa ajili ya hilo.

Dalili: servo zinaruka, mkia unapiga, au helikopta inapotea kwa sekunde kadhaa

Hii ndiyo dalili inayovunja helikopta nyingi za wanaoanza, na inayosingiziwa rimoti kuliko zote. Kwa wingi wa kutokea, sababu zake ni hizi.

Ya kwanza ni umeme wa risiva kuanguka. Ndani ya ESC kuna sehemu iitwayo BEC inayoshusha volti 12 za betri kuwa 5 kwa ajili ya risiva, jairo (kifaa kinachoshika mkia usizunguke ovyo) na servo nne. Zile za bei nafuu hushusha kwa kugeuza ziada kuwa joto: kila ampea moja inayopita, wati 7 hivi zinaishia kuwa joto ndani ya kiboksi kidogo kilichofungwa mpira. Servo zote zikifanya kazi pamoja, BEC inalemewa na volti zinaporomoka. Risiva nyingi za 2.4 GHz hujizima zikifika karibu volti 3.5, na kujiwasha tena huchukua muda ambao helikopta haikusubiri angani. Pima hivi: chomeka multimita kwenye nafasi tupu ya risiva, kati ya chanya na hasi, mota ikiwa imesogezwa. Zungusha stiki zote kwa nguvu kwa nusu dakika. Volti zikicheza kati ya 4.8 na 5 uko salama. Zikishuka chini ya 4.5, usiruke.

Dawa ni BEC ya nje inayofanya kazi kwa kukata na kuunga, ya ampea 5 au zaidi. Ukiifunga, chomoa ule waya mwekundu wa katikati kwenye plagi ya ESC na uufunike, ili vyanzo viwili vya umeme visisukumane kwenye risiva moja.

Ya pili ni plagi ndogo za servo kulegea kwa mtetemo. Zibonyeze, kisha zifungie uzi au tone dogo la gundi inayobanduka. Angalia na waya uliochunika pale unapopita kwenye ukingo wa fremu ya kaboni. Kaboni inapitisha umeme, jambo ambalo wengi hawalijui mpaka waone servo moja ikiruka peke yake kila rota ikichanganya.

Ya tatu ni umeme tuli wa mkanda wa mkia. Helikopta zenye mkanda wa mpira huuzalisha mkanda unaposugua puli, hasa hewa ikiwa kavu. Mrukaji wa Dodoma wakati wa kiangazi atakutana nao zaidi kuliko wa Tanga. Dalili yake ni mruko mfupi wa ghafla unaokuja tu rota ikiwa katika kasi. Unganisha bomba la mkia na bodi ya mota kwa waya mwembamba, ukikwangua rangi hadi chuma kionekane pande zote mbili.

Antena za risiva ziache mwisho, lakini zitazame: mbili zikae kama pembemraba, zisipite juu ya ESC wala kando ya betri.

Na mkia unaozunguka bila kushikika tangu sekunde ya kwanza ya kuinuka si suala la waya hata kidogo. Jairo imewekwa kinyume. Shika helikopta, geuza pua yake kushoto kwa ghafla, uangalie: mapanga ya mkia lazima yajibu kwa kusukuma pua irudi kulia. Usipoelewa unachokiona, mpelekee mrukaji mzoefu kabla ya kuinuka. Hapo sina shaka yoyote. Jairo iliyogeuzwa haina namna ya kuokolewa na mikono ya anayejifunza.

Dalili: nguvu inakatika hewani, au muda wa kuruka umepungua

Kwanza jiulize kama umeruka kupita kiasi. Betri ya lipo haitakiwi kumalizwa. Acha asilimia 20. Kwenye mAh 2200, unachoruhusiwa kutumia ni 1760. Ruka kwa dakika tano, chaji, kisha soma chaja imerudisha kiasi gani. Tuseme imerudisha 1500. Umetumia 300 kwa dakika, na 1760 ukigawa kwa 300 unapata dakika 5.9 hivi. Weka saa ya rimoti ilie kwenye dakika 5 na nusu, na ikilia shuka. Njia hii ni bora kuliko kungoja ESC ikate, kwa sababu ESC ikikata ghafla uko juu bila mota. Kama ESC yako inaruhusu, chagua ipunguze nguvu taratibu badala ya kukata, na uweke kikomo kati ya volti 3.2 na 3.4 kwa seli.

Baada ya kutua na kupumzika dakika kadhaa, kila seli isome 3.7 au zaidi kidogo.

Ikiwa saa iko sawa na bado inalegea, ifunge ile taa ya gari. Betri iliyojaa iwashe taa hiyo kwa dakika moja huku kipima seli kikiwa kimechomekwa. Seli zote tatu zishuke pamoja. Moja ikianguka zaidi ya wenzake kwa volti 0.1, betri hiyo imechoka, na hakuna chaja itakayoirudishia ujana. Seli zikiwa sawa, pima plagi: weka ncha moja ya multimita kwenye lehemu upande wa betri na ya pili kwenye lehemu upande wa taa, waya huohuo mwekundu, taa ikiwaka. Plagi nzima inasoma volti 0.01 au pungufu. Ikisoma 0.05 au zaidi, ifungue uilehemu upya. Rudia kwa waya mweusi. Kipimo hiki huonekana kidogo, lakini kiungo chenye ohmu 0.02 tu, helikopta ikivuta ampea 20, kinakula volti 0.4 na kutoa wati 8 za joto mahali padogo sana.

Dalili: kuna kitu kinaunguza vidole baada ya kutua

Chomoa betri, halafu gusa kwa mpangilio: plagi, nyaya, ESC, mota, betri. Kilicho moto kuliko jirani zake ndicho kinachotaka kutazamwa. Plagi moto ni lehemu au plagi kuchoka. ESC moto mara nyingi haipati hewa, maana mtu ameifunga ndani ya kofia ya plastiki isiyo na tundu. Au gia ndogo ya mota ina meno mengi kuliko yanayopendekezwa. Mota moto: gia zimebanana. Ziachie nafasi ya unene wa karatasi ya daftari kati yao. Beringi kavu huja baada ya hapo.

Betri vuguvugu ni kawaida. Isiyoshikika imeombwa ampea kupita uwezo wake, au imezeeka. Nyuzi 60 za selsiasi ni ukomo, na gari lililofungwa vioo juani litakukaribisha huko kabla hujaruka.

Cheche na mlio wa "tap" unapochomeka betri husababishwa na kapasita za ESC zikijijaza. Kwa 3S si kosa. Chomeka kwa mkono mmoja thabiti, usiguse na kuachia.

Dalili: chaja inakataa, au inajizima katikati

Ikiandika kwamba muunganisho umekatika, chomoa na urudishe plagi kubwa na ile nyeupe ya kusawazisha seli; pini moja iliyopinda inatosha. Ikikataa idadi ya seli, pima kila moja. Seli iliyolala chini ya volti 3.0 ikiwa imepumzika haifai kurudishwa. Kuna ujanja unaozunguka wa kuipa umeme kwa mpangilio wa betri za nikeli mpaka chaja idanganyike. Usiufanye. Ndivyo nyumba zinavyoshika moto.

Ikijizima katikati, angalia kinachoilisha. Kuchaji 3S kwa ampea 2.2 kunataka wati 35 hivi kutoka kwenye adapta, yaani ampea 3 kwa volti 12. Adapta ya ampea 2 itazima kila mara. Wanaotumia betri ya sola wajue kwamba chaja nyingi za aina hii zinataka volti 11 hadi 18, na betri ya sola iliyochoka jioni huanguka chini ya hapo. Umeme ukikatika na kurudi, usibonyeze kuendelea kabla ya kupima seli upya.

Utaratibu wenyewe wa kuchaji: mpangilio wa lipo, idadi sahihi ya seli, kusawazisha kila mara, ampea 2.2 kwa betri ya mAh 2200, betri ikiwa imepoa. Weka kwenye chungu kikubwa cha udongo au ndoo ya bati yenye mchanga chini, juu ya sakafu ya saruji, mfuniko usibane ili gesi ipate njia. Usichaji ukilala, usichaji kitandani, usichaji ndani ya gari. Adapta inayopiga shoti au kunuka ni kazi ya fundi umeme. Upande wa volti 230 si wa kujifunzia.

Dalili: betri imevimba, imebonyea, au inanukia kama rangi ya kucha

Hapa hakuna kipimo kinachofuata. Chomoa, itoe nje, iweke juu ya mchanga mbali na ukuta, na usiichaji tena. Betri iliyoanguka na helikopta itendee hivyohivyo hata ikionekana nzima, kwa saa moja angalau, kwa kuwa moto unaweza kuanza baadaye. Usiitoboe ili itoe gesi. Usijaribu kubadilisha seli moja, na hakuna fundi wa simu anayepaswa kukufanyia hilo.

Ikianza kutoa moshi, ondoa watu kwanza. Moshi huo una sumu. Kata umeme wa chaja ukutani ikiwa unafikika bila kuukaribia moto, kisha mwaga mchanga mwingi au maji mengi ya kupoza. Moto ukishika nyumba, piga simu zimamoto.

Betri iliyochoka bila kuvimba wala kujeruhiwa imalize nje kwa taa ya gari mpaka isome sifuri, funika ncha zake kwa utepe, na uipeleke kwa wanaopokea taka za kielektroniki. Nairobi kuna WEEE Centre. Usiitupe jalalani panapochomwa taka.

Betri usizotumia wiki hii

Zisikae zimejaa. Chaja ina mpangilio wa kuhifadhi unaozileta kwenye volti 3.80 hadi 3.85 kwa seli. Utumie kama hutaruka ndani ya siku mbili au tatu. Joto la Mombasa au Dar na seli iliyojaa vikikutana, betri inavimba kabatini bila kuruka hata mara moja. Tafuta pembe ya chumba yenye ubaridi, mbali na jiko na paa la bati, na pima seli kila mwezi.

Na ndugu yako akikuletea betri kutoka Dubai au Uingereza, mwambie azibebe kwenye mzigo wa mkononi, si kwenye sanduku linaloingia tumboni mwa ndege, kila moja ikiwa imefunikwa plagi. Ukomo wa kawaida bila kibali ni Wh 100 kwa betri; 3S ya mAh 2200 ina Wh 24 tu, na aulize shirika lake idadi inayoruhusiwa kabla ya siku ya safari.